Zamu za Bedan

Umoja, Nairobi

Kaka Mulongo,

Pole na kazi huko Kitale. Sisi huku tuko wazima, ila maji yamepotea tena.

Najua utalalamika, lakini naomba turudishe mchezo wetu wa vita kwenye barua pepe. Ni kweli hii seva ya mtandaoni tunayochezea sasa ni rahisi: mtu anacheza zamu yake kwa simu akipata nafasi, na hakuna faili za kutumiana. Lakini enzi za barua pepe, Bedan hakuwahi kutuma zamu bila kututania kwanza. Seva inaleta zamu tu, na hujui ni mkono wa nani umecheza.

Tangu Bedan atoke kazini kule godauni, Industrial Area, hajaonekana. Tumejipa moyo kwa sababu zamu zake bado zinakuja. Juzi nikamwandikia mlemle kwenye mchezo, "Bedan, uko wapi? Tunakutafuta."

Akajibu papo hapo, "Niko salama. Kwani wewe siku hizi unakaa wapi?"

Kaka, mlango wangu na wa Bedan inatazamana.

Nilienda polisi, wakaniambia nisubiri. Sasa nalala kwa Jacky, yule wa kwaya. Huyo mwenye simu ya Bedan usimjibu neno, na zamu yako usiiguse.

Kinachonishinda ni mama yake, kule Murang'a. Kila asubuhi ananipigia kuuliza, "Bedan amecheza?"

Namwambia amecheza, naye anamshukuru Mungu.

Dada yako,
Nasambu