Nati za Tairi ya Mbele

Nzivo,

Mchukue mdogo wetu Kamene shuleni, mimi niko hospitali na Baba.

Jana ulibadilisha tairi ya mbele ya gari ya Baba ukiongea kwa simu, ukasema umekaza nati zote. Asubuhi ilichomoka tukipita Kware, ikamvunja mguu mama anayeuza mandazi. Watu wakamburuta Baba nje ya gari, wakampiga mateke na mawe mpaka meno yakatoka. Nilimlalia, wakanikanyaga mkono.

Mmoja akafoka, "Nani alifunga hii tairi?"

Baba akajibu na damu mdomoni, "Ni mimi."

Spana nimeificha. Nikiwa nayo nitakupasua kichwa.

~~Usikanyage hospitali.~~ Njoo, ulete blanketi. Ameuliza kama umekula.

Dada yako