Kitabu Kilichochafuka Hadi Mwisho

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka jana.

Nimeruhusiwa kurudia mtihani wa taifa wa hesabu na fizikia. Chuo cha umeme kimesema nikifaulu masomo yote mawili nafasi ipo, nikianguka tena basi. Tangu asubuhi sikai chini kwa furaha. Tatizo ni vitabu. Dukani nimesimama mbele ya rafu mpaka muuzaji akaniletea kiti. Kuna kile kinene chenye majibu yote, kuna chembamba cha mitihani iliyopita, na kila kimoja kinajisifu jaladani. Wewe unashona vitabu vya wanafunzi kutwa nzima. Nichukue kipi?

Mpwa wako,
Bi Maswali

11 Februari

Bi Maswali wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, nimeuzoea. Mwambie dada sijakonda, suruali ndiyo imenenepa.

Barua yako nimeisomea karakana nzima, tumefurahi mno. Sasa sikiliza siri ya sisi mafundi. Kitabu kikija kushonwa, kifunge utazame ukingo wa kurasa. Vidole vya msomaji huacha weusi. Hivyo vinene vya majibu ni vyeusi mwanzoni tu, kwingine vyeupe pe: watu walianza kwa mbio wakaishia njiani. Lakini nimepata kimoja, hesabu na fizikia pamoja, kimechafuka hadi sura ya mwisho. Mwenyewe alishamaliza chuo, kaniachia. Nimekishona kwa uzi maradufu, ndicho hicho kwenye kifurushi. Mtihani huo umekwisha, mpwa.

Mjomba wako wa gundi

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na kazi. Huku wote wazima.

Kitabu kinaeleza umeme mpaka niliunguza chakula cha mchana nikisoma. Lakini mwalimu wangu wa fizikia alifungua ukurasa wa mbele akacheka. Mjomba, ni cha mtaala wa zamani. Elektroniki haimo, takwimu haimo, na kuna sura nzima isiyoulizwa tena. Weusi wote ule ni wa watu waliofanya mtihani mwingine. Usiumie moyo. Nakutumia mtaala mpya uone kinachokosekana, maana mimi nimeanza kuogopa.

Mpwa wako,
Bi Maswali

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila aibu nimeipata. Nilitazama uchafu, nikasahau kutazama mwaka. Wenzangu wamenicheka mpaka chai ikapoa, na bado wananiita Profesa.

Usiogope. Nirudishie kitabu leo hii. Nimechukua kinene kimoja kipya kinachofuata mtaala huo. Elektroniki na takwimu zimo nyuma kabisa, kule ambako hakuna mtu anayefika, nami nimezisoma nikaelewa hata mimi. Nitakifumua chako, nitoe sura iliyokufa, nishone hizo mahali pake, na mitihani iliyopita ikae mwishoni. Kitakuwa kitabu ambacho hakiuzwi popote.

Ila nina sharti. Matokeo yakitoka, usiniandikie umefaulu au umeanguka. Nitumie kitabu tu, nitakifunga nisome mwenyewe ukingoni.

Mjomba wako,
Profesa wa Gundi

14 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasalimu, leo anaimba tangu alfajiri na hataki kuulizwa kwa nini.

Matokeo yametoka. Ulisema nisiandike, basi siandiki. Kitabu hicho hapo. Ukishakitazama nirudishie upesi, chuo kinafunguliwa mwezi ujao na ile sura ya elektroniki bado naihitaji.

Mpwa wako,
Bi Maswali

20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena.

Nimekifunga, nikakipeleka dirishani kwenye mwanga. Nimelia mbele ya mafundi na sijali. Nimetafuta pale niliposhona kurasa nyeupe katikati ya zile chafu. Kazi ni ya mikono yangu mwenyewe, lakini sikupaona.

Mjomba wako