Matobo Kwenye Sala za Bibi

Kahama. Jumatatu, 9 Machi 1998

Modemu imepiga kelele asubuhi nzima. Sala za Bibi, mama yake tajiri wangu Bwana Kirit, zinaingia kutoka kwa mjukuu wake aliye London. Kigujarati. Kazi yangu ni kuzichapa kwa herufi kubwa, maana macho ya Bibi yanafifia na daktari kasema hayatafika mbali. Anataka kuzisoma mwenyewe kabla hajapofuka. Zimetoka na alama za kuuliza katikati ya maneno. Kinyaa.

Jumanne, 10 Machi

Masanja, fundi aliyeandika programu ya kupokea, kaja na brashi. Eti vumbi! Kapangusa, kazima, kawasha. Alama palepale. Kaomba soda.

Alhamisi, 12 Machi

Sina hamu hata ya kula. Masanja kafuta alama zote za kuuliza, kaacha matobo matupu, kamwambia tajiri kazi imekwisha. Bibi kasoma mistari miwili, akaniita. "Mwanangu, mashine yenu inakula sala zangu." Masanja akacheka. Nilitamani kumtapikia viatuni. Anakata sala za mama wa watu kama anapogoa michongoma.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeifungua programu yake. Uvundo mtupu. Baiti, yaani vijipande vinavyobeba herufi, zinafika kwa mafungu, naye anageuza kila fungu kuwa maandishi papo hapo. Lakini kwenye Unicode tunayopokea, mfumo wa herufi za lugha zote, herufi moja ya Kigujarati ni baiti tatu. Fungu likiishia katikati ya herufi, baiti moja huku, mbili kule, mashine haizitambui, inaweka alama ya kuuliza. Kiswahili chetu kila herufi ni baiti moja, hakuna cha kukatika. Na yeye alijaribu kwa Kiswahili tu! Programu ya kumpokelea Mhindi barua za kwao! Mvivu yule.

Jumamosi, 14 Machi

Baiti zinazobaki mwisho wa fungu sasa nazisubirisha mpaka nyingine zifike, ndipo nazigeuza pamoja. Mjukuu katuma upya. Safi. Hakuna alama hata moja. Masanja kamwambia tajiri alijua tangu mwanzo. Nimeanza kuchapa. Mate ya kinyaa yamenijaa mdomoni.

Jumapili, 15 Machi

Nimempelekea Bibi baada ya misa. Shikamoo, marahaba. Kasoma ukurasa wa kwanza wote kwa sauti, hakukwama popote. Kwenye wa pili akaniomba niwashe taa. Ilikuwa mchana, dirisha wazi, jua limejaa chumbani.

Nikawasha.