Baba, Leo Tumekosea Wote

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, na wifi yangu Mwalimu Veronika akiisoma barua hii atasema hata salamu nimeianza vibaya. Aseme. Mie kwako sijawahi kuingia bila shikamoo, na sitaanza leo eti kwa kuwa wewe umelala Mbagala na mie niko Bunju.

Naiandika wazi, asome anayetaka, maana aibu niliyopewa nilipewa mbele za watu. Na jibu nililolitoa, nimelitoa mbele za watu vilevile.

Nimekitoa kigoda chako, Baba. Kile cha mpingo cha miguu mitatu, ulichokuwaga unakalia ukichonga. Siku ya harusi yangu ulikifunga kwenye kanga ya marehemu mama ukanipa mkononi, ukasema, "Chukua, Stazia. Kwenye nyumba ya watu, mtu lazima awe na pa kukalia pake." Ukweni walidhani ni kinyago cha kuuza. Miaka kumi kimekaa uvunguni, kimebeba maboksi ya viatu. Jumapili ya komunio ya kwanza ya Tumaini nikakivuta, nikakipaka mafuta, kikang'aa kama kimetoka kwenye msasa wako asubuhi ile.

Lakini nianzie nyuma, kama ulivyokuwa ukitufundisha kuanzia kwenye gogo kabla ya sura.

Nakumbuka banda lenu la wachongaji, vumbi la mpingo likiwa limekujaa kwenye nyusi. Nilikuwa na miaka saba au minane, nakuletea chai. Siku hiyo ulikuwa unachonga mwanamke mwenye mtungi, kazi ya mtu, tezo ikateleza na mkono wa yule mwanamke ukaruka mpaka miguuni kwangu. Nikaanza kulia nikijua imeharibika. Wewe hukushtuka. Uliligeuza gogo, ukalitazama, ukalipuliza. "Mchongaji hatupi," ukasema. "Kosa linafuatwa. Linajua linakokwenda kuliko wewe." Kesho yake pale palipovunjika mkono palikuwa na kitoto kimening'inia kwapani kwa mama yake, na mwenye kazi alipokuja alikipapasa kile kitoto kwanza kabla hajauangalia mtungi.

Ndiyo maana ule ubao wa harusi ulikuumiza sana. Nilikuwepo. Ulikuwa umechonga majina ya maharusi kwenye mninga, maua pembeni, kazi ya wiki nzima, ila herufi moja uliikosea. Bwana aliyeuagiza akausoma, akaunyanyua juu wenzako wauone. "Fundi, umenitia aibu! Vidole vyote hivi vya ufundi, jina tu hujui kuandika?" Ukarudi nyumbani na ubao kwapani. Siku tatu hukushika tezo. Ya nne ukaniuliza mie, mtoto, kama vile ningejua: "Mkono ukivunjika unakuwa mtoto. Herufi ikivunjika inakuwa nini?"

Jibu ulilileta mwenyewe Krismasi ile. Wageni wamejaa uani, pilau imeshaliwa, ukachana maboksi ya sabuni vipande vipande, ukamgawia kila mtu kipande na mkaa. Ukasimama, wewe wa darasa la nne, ukasema:

"Leo tunakosea wote."

Ukatoa sheria. Kila mtu aandike neno tunalolijua sote, aliandike kwa makosa kadiri awezavyo, ila mdomo ukilitamka litoke lilelile. Mwandishi ndiye anayemchagua msomaji wake. Msomaji akilisoma, wameshinda wawili. Akishindwa, kosa ni la msomaji, mwandishi hana deni. Na atakayecheka maandishi ya mwenzake kabla hayajasomwa, atakalishwa kwenye kigoda katikati ya watu, magoti yakimgusa kidevu, na hafungui mdomo mpaka mwingine acheke.

Uwii, Baba! Mama aliandika KHOUWQOUH, akakuchagua wewe, ukaligeuza lile boksi juu chini kama gogo, kisha ukapiga kelele, "Kuku! Kuku wangu!" Wewe uliandika KU66, na watu wakakodoa macho mpaka mama akalisoma, "Kusitasita!" Ulisema herufi zinakukimbia lakini namba zinakujua kwa ajili ya kupima mbao. Na yule jirani yetu karani, mzee wa tai hata sikukuu! Zamu yake ilipofika akaandika UKUTA, herufi zimenyooka kama zimepangwa dukani. Uani kukalipuka:

"Kapatia! Kapatia huyo!"

"Mtoeni, hajui kukosea!"

Karani akatoa jasho. "Jamani, mkono umekataa," akasema. Ukamshika bega. "Taratibu mzee. Kukosea kunataka moyo."

Toka siku hiyo hakuna sherehe mtaani kwetu iliyopita bila mchezo wako. Mpaka kwa jirani kwenye pombe ya mbege wakisema "leo tunalifuata kosa", wanamaanisha mchezo wako.

Sasa nikueleze kilichonipata mie.

Tumaini ulimwacha kibogoyo. Sasa ana miaka tisa, yuko darasa la nne, shule ya Kiingereza, baba yake anajibana kweli. Kule kila mtoto ana dayari, daftari dogo ambalo mzazi anaandikiana na mwalimu, na wanataka Kiingereza. Baba Tumaini ndiye alikuwa akiandika. Basi mwezi wa tatu akawa yupo kazini Mtwara, mtoto akashikwa na homa, tukapambana nayo, alipopona nikamrudisha shule. Lazima mzazi aeleze kwa nini hakuonekana. Wa kueleza nilikuwa mie, wa darasa la saba. Nikashika kalamu, Baba. Nikaandika nilivyokuwa nasikia watu wakisema:

Tumaini wozi siki. Hi no slipu tu naiti.

Yaani Tumaini alikuwa anaumwa, hakulala usiku wa siku mbili. Nikasaini. Nilijiona mwanamke.

Dayari ilirudi na viduara vyekundu, kila neno lina chake, isipokuwa Tumaini. Wenzake darasani walikuwa wameiona, wakawa wanamwimbia "hi no slipu" wakati wa uji. Jumamosi wifi Veronika akaja kutusalimia, naye ni mwalimu, akaifungua, akaipiga picha, akaitupa kwenye grupu la ukoo kwenye simu. Akaandika, "Jamani, wifi yangu ameanzisha lugha." Zikamiminika zile sura za kucheka machozi. Nilizihesabu zikafika thelathini na moja, ndipo nikazima simu.

Baba, katika wote wale hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mtoto amepona.

Hilo ningelimeza. Nimemeza mengi. Lakini Tumaini alikuja jikoni, akasimama mlangoni, hanitazami. "Mama, usiandike tena kwenye dayari yangu. Ataandika shangazi." Na kweli, toka hapo ikawa kila Jumamosi dayari inamsubiri shangazi. Nikiingia chumbani naona mtoto anaifunga, anaisogeza chini ya mto. Mie niliyemzaa. Kwenye grupu nikawa natuma kidole gumba tu. Mtu akifiwa, kidole. Mtu akijifungua, kidole. Miezi minne mie ni kidole gumba.

Kilichokuwa kinanikata siyo Kiingereza. Kiingereza nitajifunza, nina umri. Kilichonikata ni kuona mwanangu anajifunza kunionea aibu, na anayemfundisha anasahihisha vizuri sana.

Ndiyo nikakumbuka kigoda.

Siku ya komunio watu walijaa, ndugu wa mume wangu wote na ndafu wao, mbuzi mzima wa kuchoma. Wifi ndiye alikuwa mshereheshaji, kipaza sauti mkononi, amevaa akapendeza, sitamnyima haki yake. Ilipofika saa ya michezo nikatoka ndani na kigoda chako kichwani. Nilikuwa nimechana boksi la juisi, na mkaa nimeuokota pale pale kwenye ndafu.

"Mama Tumaini, hicho kinyago cha nini tena?" wifi akauliza kwenye kipaza sauti.

"Cha kukalia, mwalimu. Naomba dakika zangu."

Nikaeleza sheria zako, moja baada ya nyingine. Wifi akanivuta pembeni. "Wifi, samahani, hapa kuna watoto wa shule. Utawaharibia spelingi."

"Baba yangu aliwaharibia watu spelingi miaka ishirini," nikamwambia, "na wote wanasoma mpaka leo."

Tumaini alinifuata na gauni lake jeupe, akanishika mkono kwa nguvu. "Mama, please. Usifanye." Hapo, Baba, nilitaka kukirudisha kigoda uvunguni. Nasema kweli. Lakini nikaona nikikirudisha leo, sitakitoa tena.

Nikasema kwa sauti: "Leo tunakosea wote!"

Mwanzo waliona haya. Kisha baba mkwe, mzee wa watu, akaandika TCHYPPCEE, akamchagua mkewe, mama mkwe akasema "chipsi" bila hata miwani, na uwanja ukaruka. Shemeji akaandika MAPA5. Watoto wakalala chini kwa furaha, mapatano, mapatano! Wakamlazimisha wifi. Akashika mkaa kwa ncha za vidole, akawaza sana, akaandika KARIBU. Safi. Nikamkumbuka karani wetu, moyo ukacheka wenyewe.

"Kapatia!" nikapiga kelele. "Mwalimu kapatia!"

"Mtoeni!" watoto wakaitikia. Naye akacheka kidogo, nikamwona kwa mara ya kwanza ni mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kukosea.

Ikafika zamu yangu. Sikuandika chipsi. Niliandika kwenye boksi, kwa herufi kubwa, mkaa ukinichafua mpaka kiwiko:

TUMAINI WOZI SIKI. HI NO SLIPU TU NAITI.

Nikalinyanyua juu kama yule bwana alivyounyanyua ubao wako. Wote walikuwa kwenye grupu, wote walilijua. Kicheko kimoja kikatoroka, cha puani. Cha wifi. Akaziba mdomo, keshachelewa.

"Kigodani, mwalimu," nikasema. Baba mkwe akaitikia, "Sheria ni sheria, Vero." Akaenda akakaa, gauni lake la kitenge limekunjamana, magoti yamemfika kidevuni, kipaza sauti amekikumbatia na hana ruhusa ya kukisemea.

"Na msomaji wangu," nikasema, "ni Tumaini."

Alisimama. Nilijua naweza kuwa nimempoteza pale pale, mbele ya keki yake. Nikataka kumwambia basi mwanangu, acha. Sikusema. Wewe usingesema.

Akalichukua boksi. Akalitazama, Baba, siyo kama anatazama makosa. Alilitazama kama ulivyokuwa ukilitazama gogo. Kisha akasoma Kiingereza chake kizuri, neno kwa neno, hakuna lililobaki. Akamaliza, na alipomaliza akawageukia babu na bibi yake akawasomea na Kiswahili:

"Tumaini alikuwa anaumwa. Hakulala usiku wa siku mbili." Halafu akaongeza jambo ambalo sikuliandika. "Na mama naye hakulala. Mie nilikuwa namwona."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, miezi minne imepita, "Kwani alikuwa na nini huyu mtoto?" Nikamwambia homa kali, mama, ila alipona. Akasema, "Tumshukuru Mungu. Pole sana, mwanangu." Pole yangu ilichelewa, lakini niliipokea yote.

Wifi alikaa kigodani mpaka mwisho, maana hakuna mwingine aliyecheka. Wakati wa kuondoka akakibeba mwenyewe mpaka ndani, akakiweka sebuleni, hakukirudisha uvunguni. "Kizito hiki kidude," akasema. Hajaomba msamaha, na mie sijausubiri. Ile picha bado ipo kwenye grupu. Chini yake nimeandika, kwa herufi zangu: mtoto amepona, asanteni kwa kuuliza. Sikuweka kidole gumba.

Baba, siringi. Najua mbao haina ufutio na dunia ina kalamu nyekundu nyingi. Nimejiandikisha masomo ya jioni hapa kwa Padre, Jumanne na Alhamisi. Nitajifunza Kiingereza mpaka kinijue. Lakini sitajifunza kwa kuinamisha kichwa, na sitanyamaza nikisubiri kujua. Nitaongea nikikosea. Anayetaka kunielewa ataelewa, asiyetaka, ulishasema kosa ni la nani.

Jumatatu ile Tumaini alivaa sare, akaja jikoni nikikaanga maandazi. Dayari ilikuwa mkononi, imefunguliwa ukurasa mpya. Akaiweka mezani, akanipangusia unga vidoleni kwa pindo la kanga yangu, akaweka kalamu juu.

"Mwalimu anataka mzazi aandike kama nilimaliza kazi za nyumbani."

"Shangazi yako je?"

"Nimesema mzazi, mama."

Nikaandika. Alisimama begani kwangu, pumzi yake shingoni, akanionyesha herufi moja nilipomuuliza. Nyingine hakuzigusa.

Na barua hii pia ameipitia, ameninyoosha pale nilipomwomba, siyo pale alipotaka. Lala, mchongaji wangu. Kosa lako limefika Bunju, na limekuta watu wa kulifuata.

Ni mie, binti yako uliyemtoa kwenye gogo,
Stazia, Mama Tumaini