Nimepata Mimba Kabla ya Zamu Yangu

Mpendwa Mjomba Gil-man, mshauri wetu wa gazetini, naomba unisaidie maana hata kulala silali, mimi ni muuguzi katika hospitali moja ndogo hapa mji wa bandari wa Mokpo, na wodini kwetu tunapangiwa zamu za kushika mimba ili tusiondoke wengi kwa pamoja, mwaka huu zamu ni ya Dada Mi-ok, amengoja tangu aolewe, nami nilijua, lakini mimba imeingia yenyewe, nikawa najibana tumbo kwa kitambaa na kufanya kazi za usiku huku natapika kwa siri, mpaka juzi harufu ya samaki kantini ikaniumbua, bosi wetu Sista Noh akaniuliza mbele ya wote, "Ha-yun, foleni huioni, au wewe ni malkia?" Dada Mi-ok akaacha chakula akaondoka, tangu hapo hanisemeshi, na sasa Sista Noh anataka nimwinamie Mi-ok nimwombe radhi, kisha niandike kwamba naacha kazi kwa hiari yangu, mume wangu anasema nikatae lakini mimi naona aibu, je, niandike?

Ha-yun, Mokpo

Ha-yun mpwa wangu, usiandike hata herufi moja. Pole kwa kutapika. Ila kujibana tumbo, na wewe muuguzi, ni ujinga gani huo? Fungua hicho kitambaa leo.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini nilipokuwa nachomelea meli kiwandani kule Geoje, kiwanda kizima kiliniletea kesi zake, hata winchi zilinyamaza nikianza kusema. Mke wangu alipojifungua nikaomba likizo, msimamizi akacheka: "Gil-man, kwani unanyonyesha?" Nikamwambia, "Bado najifunza, bosi. Nawe nikupangie zamu?" Likizo nikapata, na supu yangu ya mwani, ile ya kumpa mzazi nguvu, ikanukia mpaka vivuko vya kwenda kisiwa cha Jeju vikapotea njia.

Sasa sikiliza. Hakuna sheria inayompa bosi haki ya kupanga mimba ya mtu. Kukufukuza kwa ajili ya mimba ni marufuku, kukulazimisha kazi za usiku pia, na miezi hii ya mwanzo una haki ya kupunguziwa saa bila mshahara kuguswa. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala. Sista Noh akikaza shingo, nenda ofisi ya kazi. Wauguzi ni wachache? Basi hospitali iajiri, tumbo lako halihusiki.

Mi-ok usimwinamie. Kaa naye umwambie, "Dada, sikukunyang'anya kitu, na wewe usingoje ruhusa ya mtu." Yeye ndiye aliyeumizwa zaidi, miaka yote hiyo amezuiwa na bosi. Mkiingia wawili kwa Sista Noh, sauti yake itashuka.

Ukijifungua, nitakuletea sufuria ya supu ya mwani mimi mwenyewe, hata kwa miguu. Mi-ok aje na bakuli lake. Na yeye akipata mimba yake, hata ikiwa mwezi ujao, nitawasha jiko tena.