Kiti cha Nyuma

Elerai, Arusha
9 Machi 1957

Kaka Elieza,

Shikamoo. Huku hatujambo, Namelok amepona surua. Wifi na watoto wanaendeleaje? Mimi nimechoka tu.

Kaka, wewe ndiye dereva wa mkaguzi wa serikali, yule anayepima marubani na shule zao. Basi sikia ya shemeji yako. Pale shule ya ndege anapofanya kazi ya kuosha ndege, siku hizi mwanafunzi akiruka bila mwalimu, mwenye shule anampakia Sironka kiti cha nyuma, awe uzito wa kuisawazisha ndege. Ati mifuko ya mchanga inachafua viti! Nikisikia mlio juu ya migomba, naacha jembe natazama juu mpaka upotee. Namwambia akatae, anachukua ndoo anatoka. Anaogopa kufukuzwa. Mwambie bwana wako, tafadhali, ila Sironka asijue.

Mdogo wako,
Aikande

Nairobi
2 Aprili 1957

Mdogo wangu Aikande,

Marahaba. Sisi wazima, ila barabara ya Namanga imenivunja mgongo.

Nilimwambia bwana tukiwa njiani. Aliwasha kiko tu. Tulipofika hakwenda ofisini kwao. Alikaa garini kando ya uwanja mpaka akamwona shemeji anapanda. Ndege iliposhuka, mwenye shule alihojiwa mpaka akalowa jasho. Mwanafunzi haruhusiwi kubeba mtu. Wakirudia, shule inafungwa. Wewe hukutajwa. Shemeji alinipita bila salamu, nadhani ni aibu.

Sasa lala usingizi.

Kaka yako,
Elieza

Elerai
20 Juni 1957

Kaka,

Shikamoo. Tunapumua.

Nilishindwa kunyamaza, nikamwambia Sironka kwamba ni mimi. Nilitegemea shukrani. Akaniuliza, "Nani alikuambia naogopa?" Kumbe alikuwa anapenda, kaka! Kule juu, anasema, aliona boma la baba yake, na ng'ombe, na ndani kabisa ya shimo la Mlima Meru, na hakuna aliyemwita boi. Hajawahi kunieleza hayo. Sasa anaosha ndege, anarudi, anakula, analala. Hasemi nami neno.

Aikande

Nairobi
5 Julai 1957

Mdogo wangu,

Pole sana. Mpe muda. Mume aliye hai unaweza kugombana naye.

Elieza

Elerai
14 Septemba 1957

Kaka,

Shikamoo. Afya tunayo.

Bila shaka mmesikia huko. Jumanne ndege ya shule ilianguka kwenye kahawa, upande wa juu. Kijana wa Kizungu aliyekuwa anajifunza amekufa. Sironka alikwenda na wenzake kumtoa. Alirudi na matope mpaka magotini, nami nikapiga magoti mbele yake, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikasema, "Baba Namelok, ungekuwemo!"

Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia. Ndipo akasema nami, mara ya kwanza tangu masika: "Mama Namelok, mtoto wa watu amekufa peke yake."

Akalia. Nilimwosha miguu.

Kaka, bado namshukuru Mungu. Namshukuru kila nikimwona Sironka anakula, na siwezi kumwambia.

Mdogo wako,
Aikande