Hilla za Bibi Taimi na Mdogo Wake Lyyli

Mwaka umezunguka, Bibi Taimi, tangu utuage wiki ile theluji ya kwanza ilipoanguka hapa kijijini kwetu Pello. Kahawa bado tunachemsha kwa birika lako lile jeusi, na Mjomba Tuure bado anaimwaga.

Ulikuwa mtu wa kucheka, Bibi. Ulitufumia soksi, moja ndefu kuliko nyingine, halafu ukasema miguu yetu ndiyo haiko sawa. Kila Agosti uliingia kwenye kinamasi chako cha siri kuchuma hilla, yale matunda ya manjano. Hata Babu hukumwambia kiko wapi. Ni mdogo wako tu, Bibi Lyyli, uliyekwenda naye.

Halafu yeye akaropoka. Kwenye kahawa baada ya ibada akawaelekeza wageni wa mjini, mpaka na jiwe la kukatia kona. Ulipofika hukukuta hata tunda moja. Basi mkanuniana misimu miwili, wewe benchi la mbele, yeye la nyuma, na wote mnaimba habari za msamaha kwa sauti kubwa.

Mpaka siku ibada ilipofanyika sebuleni kwako. Bibi Lyyli akaja mbele ya watu wote, akakukumbatia shingoni kama tunavyofanya sisi waumini tunapoombana msamaha.

"Dada, nimekukosea. Unanisamehe?"

Tukaacha hata kutafuna. Kisha na wewe ukamkumbatia.

"Amini umesamehewa yote, kwa jina la Yesu na damu yake."

"Na hilla?"

"Na hilla, mropokaji wee."

Watu wakacheka huku wanalia. Mjomba Tuure akakuonya jikoni: "Sawa mama, umesamehe. Ila kile kinamasi kipya ulichopata usimwonyeshe."

"Nikimficha, Tuure, nitakuwa nimemsamehe mdomoni tu."

Na msimu uliofuata ukampeleka, yeye peke yake. Sisi tukabaki kuosha ndoo.

Agosti hii tukambembeleza: "Bibi Lyyli, tuonyeshe basi."

"Niliropoka mara moja, inatosha. Leteni ndoo."

Akaenda na fimbo yake, akarudi zimejaa. Leo hilla hizo tumezila mezani kwako na jibini ya kuchoma.

Unakumbukwa na mumeo Oiva, wanao Tuure na Vuokko, wajukuu zako Inka, Jalmari na mimi Saana, na mdogo wako Lyyli.

Hututoki moyoni, Bibi, siku zote. Na kinamasi chako mpaka leo hatukijui.